Kutoka panya buku wa Morogoro hadi sokwe wa Gombe: shajara ya safari, Novemba 2024

Nimerudi Dar na daftari limelowa kona moja, simu imejaa picha. Haya ni maelezo niliyoyapanga upya kutoka humo, nikiruka yasiyo na faida kwa msomaji. Mimi ni daktari wa mifugo, na kazini kwetu mnyama huja kama kundi: ng'ombe kadhaa, chanjo kadhaa, basi. Siku nyingi nimetamani kuona watu wanaofanya kinyume chake, wanaokaa na mnyama mmoja mpaka wamjue kwa jina, kwa hasira zake na kwa mama yake. Tanzania wapo wengi kuliko tunavyodhani, na kazi yao imebadilisha sayansi ya dunia nzima. Likizo yangu ya mwaka nikaitumia kuwafuata.

Jumatatu 11 Novemba: Dar hadi Morogoro

Treni ya SGR, daraja la kawaida, 13,000. Chini ya saa mbili umefika. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje ya mji, kwa hiyo weka kando nauli ya bodaboda au bajaji. Kata tiketi mapema mtandaoni na uje na kitambulisho kile kile ulichokatia, maana wanakagua kwa makini. Nililala gesti karibu na Msamvu na kuweka kengele ya saa kumi alfajiri.

Jumanne 12 Novemba: panya wanaoamka kabla ya jua

Rafiki niliyesoma naye SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, alikuwa ameniombea miadi kwa watu wa APOPO, wanaofundisha panya kunusa mabomu na kifua kikuu. Shirika hili lilianzishwa Ubelgiji mwaka 1997, likahamia Morogoro mwaka 2000 kwa ushirikiano na SUA. Ukitaka kwenda, omba miadi kabla, na omba asubuhi. Panya buku ni mnyama wa usiku, jua likishapanda kazi ya uwanjani imekwisha. Wakufunzi huwapaka hata mafuta ya kukinga jua masikioni na mkiani, sehemu zisizo na manyoya. Nilimwona dada mmoja akimpaka panya wake taratibu kwa kidole kimoja, panya ametulia kwapani mwake kama mtoto anayepakwa mafuta baada ya kuoga.

Uwanja wenyewe ni nyasi zilizofyekwa na kugawanywa kwa kamba. Chini yake yamefukiwa mabomu halisi ya ardhini yaliyokwisha kuondolewa uwezo wa kulipuka. Panya anavaa mkanda kifuani, mkanda unaning'inia kwenye kamba iliyonyooshwa kati ya wakufunzi wawili, naye anaenda na kurudi pua chini. Akinusa baruti anasimama, anaparua udongo. Mkufunzi anabonyeza kidude, tik, na panya anakimbia kuchukua ndizi. Hiyo tik wamemfundisha tangu utotoni kwamba maana yake ni chakula, na mafunzo yote huchukua kama miezi tisa. Panya mkubwa ana uzito wa kilo moja na kidogo, haufiki uzito wa kulipua bomu. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi analimaliza kwa nusu saa, wakati mtu mwenye kifaa cha kutambua vyuma anaweza kutumia hadi siku nne, kwa sababu kifaa kinapiga kelele kwa kila msumari na kila kifuniko cha soda. Panya hajali chuma, anatafuta harufu ya kilipuzi tu.

Magawa, aliyezaliwa hapa Morogoro mwaka 2013, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu 71 pamoja na makombora mengine 38 yasiyolipuka. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la wanyama la Uingereza, panya wa kwanza kuipata. Alikufa Januari 2022. Wakufunzi wanamtaja kama unavyomtaja mfanyakazi mwenzako aliyestaafu kwa heshima.

Kilichonigusa zaidi ni mtihani wa mwisho. Siku hiyo hata walioshika kamba hawajui bomu limefukiwa wapi. Wanaosoma tabia za wanyama walijifunza umuhimu wa jambo hili Berlin, kwa farasi aliyeitwa Hans. Watu waliamini farasi yule anajua hesabu, anagonga kwato mara sawasawa na jibu. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans alikuwa anasoma mwili wa anayemuuliza, anaacha kugonga pale mtu anapolegea kidogo. Muulizaji asipojua jibu, na farasi hajui. Nilimuuliza dada yule kama panya naye anaweza kumsoma.

"Anakusoma sana tu," alijibu. "Huyu wangu akichoka anakaa anajisafisha uso. Wa mwenzangu akichoka anakimbia, anaruka njia. Na wao wanatujua hivyo hivyo. Ndiyo maana kwenye mtihani hatuambiwi."

Ndani ya maabara ni kazi nyingine: kifua kikuu. Vituo vya afya vinaleta makohozi yaliyokwisha kupimwa, yanachemshwa kwanza kuua vimelea, kisha yanapangwa chini ya matundu kwenye sakafu ya kizimba. Panya anapita tundu kwa tundu. Kwenye tundu analolishuku anatuliza pua kama sekunde tatu. Sampuli 100 anazimaliza ndani ya dakika 20, kazi ambayo fundi wa maabara mwenye hadubini angeifanya kwa takriban siku nne. Anazozishuku zinarudiwa kupimwa na binadamu, na hapo ndipo wanapatikana wagonjwa ambao kituoni waliambiwa hawana kitu. Mwishoni mwa Oktoba wametoa pia utafiti unaoonyesha panya hawa wakitambua magamba ya kakakuona, pembe za ndovu, pembe za faru na mpingo, hata vikifichwa kati ya vitu vyenye harufu nyingine. Ningependa sana kuwaona bandarini siku moja.

Jioni nikapanda SGR tena hadi Dodoma. Nilikula wali maharage stendi na kulala mapema.

Jumatano 13 Novemba: Dodoma hadi Kigoma, siku nzima barabarani

Basi liliondoka saa kumi na mbili asubuhi, nauli 60,000. Singida, Nzega, Tabora: lami nzuri, usingizi, alizeti. Tabora wanauza asali madirishani kwenye chupa za maji. Nunua ukirudi, si ukienda, la sivyo utabeba kilo za ziada bure.

Baada ya Urambo tairi la nyuma likapasuka. La akiba nalo lilikuwa halina upepo. Tukakaa kando ya barabara, chini ya miembe, kwa muda wa kutosha kumaliza maji yote niliyokuwa nayo. Mama mmoja wa Kiha aliyekuwa anatoka kumuuguza mwanawe Dodoma alifungua kikapu, akatoa mhogo wa kuchemsha na karanga, akawagawia wote tuliokaa karibu naye. Nikasita. "Kula mwanangu, njia bado," akasema, na hakutaka kusikia habari ya pesa. Aliposikia naenda Gombe, hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, alicheka. "Kwa sokwe? Sisi tumezaliwa nao pale, hatujawahi kwenda kuwatazama." Kisha akakaa kimya kidogo, akaniambia kaka yake mkubwa aliwahi kufanya kibarua cha kufyeka njia za watafiti, na alikuwa akirudi nyumbani anawaigiza sokwe mmoja mmoja, watoto wanakisia ni nani.

Tulivuka Malagarasi giza limeingia. Kigoma, mwisho wa reli, tulifika saa tano usiku. Mama yule alikuwa amempigia simu mpwa wake mwenye bodaboda, akaamuru nipelekwe gesti salama kabla yeye mwenyewe hajapelekwa nyumbani. Kijana alikataa malipo. Sina jina la kuandika hapa, lakini naliweka tukio lenyewe.

Alhamisi 14 Novemba: Kibirizi na boti ya mizigo

Asubuhi sokoni. Nyumba ya wageni ya hifadhi kule Gombe ina jiko, chakula unakuja nacho, kwa hiyo nilinunua unga, dagaa, nyanya, mkaa kidogo na chupa ya mawese. Mambo ya kujua kabla: malipo ya hifadhi ni kwa kadi au kwa namba ya malipo, fedha taslimu hawapokei. Malizana na ofisi ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ukiwa bado Kigoma mjini, kwa sababu mtandao kule ni wa kubahatisha. Ukiwa na mafua au kikohozi, ahirisha safari. Hili nitalirudia.

Boti za abiria zinaondokea Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji, mchana. Jumapili usizitegemee. Nauli niliyolipa ni 5,000, muulize nahodha akushushe Kasekela. Ni boti ya mbao yenye injini ya nje, imejaa magodoro, kreti za soda, mapipa matupu ya mafuta, watu wakiwa juu ya vyote hivyo. Uliza jaketi la kuokolea kabla hujakaa, wanayo lakini hawatoi mpaka uombe. Novemba mvua zimeanza na ziwa lina mawimbi. Tulilowa, kijana aliyekaa mbele yangu akanifunika na turubai lake nusu.

Kwa muda mrefu vilima vya upande wa kulia ni mihogo, michikichi na udongo mwekundu uliochanwa na maji. Halafu, kwenye mstari mmoja ulionyooka kabisa, msitu unaanza. Hapo ndipo mpaka wa hifadhi. Kuuona mstari ule kunaeleza kwa nini mwaka 1994 ulianzishwa mradi wa TACARE wa kushirikiana na vijiji katika miti, afya na maji: hifadhi ni ndogo sana, na sokwe wasiozidi mia moja hivi wamebaki kama watu wa kisiwani.

Ufukweni tulipokewa na nyani. Funga mlango, funga dirisha, usitembee na ndizi mkononi. Nao wana watafiti wao, tangu miaka ya 1960 wanafuatwa na kuandikwa.

Ijumaa 15 Novemba: kutoka kiota hadi kichuguu

Saa kumi na mbili kasoro robo mzee aliyepangwa kunipeleka alikuwa mlangoni. Amefanya kazi ya kufuata sokwe kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Una mafua?"

Hakuniuliza nimelalaje, aliuliza mafua. Virusi vinavyotufanya sisi tupige chafya siku mbili vinaweza kumuua sokwe. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwakumba sokwe wa hapa, wengine wakafa, wengine wakabaki na mikono isiyofanya kazi. Leo unavaa barakoa, unakaa umbali wa mita 10, na ukishawafikia una saa moja tu.

Tulipanda bonde la Kakombe kwa njia yenye utelezi. Leta viatu vya kamba vyenye meno, na fimbo. Tukiwa njiani mzee alinieleza kazi yao. Watu wawili wanamchagua sokwe mmoja, wanafika chini ya kiota chake kabla hajaamka, wanamfuata mpaka ajenge kiota kingine jioni. Wanaandika nani ameungana naye na saa ngapi, nani ameondoka, amekula nini, amepita wapi. Maelezo wanayaandika kwa Kiswahili. Nakala zimehifadhiwa na kuingizwa kwenye kompyuta Marekani, lakini mkono ulioandika ni wa vijiji vya hapa. Baba yake Fulani, babu yake Fulani.

Hili halisemwi vya kutosha. Jane Goodall, mtafiti Mwingereza wa sokwe, alifika hapa 14 Julai 1960 akiwa na mama yake na mpishi, Dominic, na heshima yake ni halali. Aprili 2024 alitimiza miaka 90. Lakini usiku wa 19 Mei 1975 wapiganaji waliovuka ziwa kutoka Zaire waliwateka wanafunzi wanne wa kigeni. Waliachiliwa baadaye, ila watafiti wa kigeni wakaondoka, na mkondo wa kumbukumbu ungekatika hapo. Haukukatika. Watanzania waliendelea kupanda mlima kila asubuhi. Hilali Matama, aliyekuwa kiongozi wao, ndiye aliyeshuhudia Januari 1974 madume wa kundi la Kasekela wakimshambulia Godi, dume wa kundi jirani la Kahama, tukio lililofungua ile miaka minne ya sokwe kuuana ambayo ilitikisa vitabu vyote vilivyosema ni binadamu tu anayepigana vita.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona: mlio unaoanza kwa pumzi, uuh, uuh, unapanda mpaka unakuwa ukelele wa bonde zima. Mzee akasimama, akanitajia jina la dume aliyelia. Baada ya hapo tukateremka kidogo, na penye uwazi tukamkuta mama na watoto wake wawili kwenye kichuguu. Mzee alininong'oneza jina lake, la mama yake na la bibi yake, wote kwa herufi moja ya mwanzo, maana ndivyo koo zinavyoandikwa hapa.

Mvua za kwanza ndio msimu wenyewe wa kuvua mchwa. Yule mama alikwangua udongo kwa ukucha wa kidole gumba, tundu likafunguka. Alichuma jani la nyasi ndefu, akalitazama, akalitupa. Akachuma jingine, akalikata ncha kwa meno, akaliingiza taratibu huku akizungusha kifundo cha mkono kufuata mapito ya ndani. Akasubiri. Alipolivuta, mchwa askari walikuwa wameliuma na kuning'inia pande zote, naye akawapitisha midomoni. Ncha ilipochakaa akageuza upande wa pili. Mtoto wa kike, mdogo bado, alikuwa ameinamia mkono wa mama yake karibu kugusa pua. Jani lililotupwa akaliokota, akalichomeka pasipo na tundu. Kaka yake alikuwa anabingirika kwenye majani na kuvuta mguu wa dada yake.

Mchezo huo una utafiti wake. Mwaka 2004 Elizabeth Lonsdorf na wenzake walionyesha, kwa picha za video zilizopigwa hapa hapa, kwamba mabinti wa sokwe wanajua kuvua mchwa zaidi ya miaka miwili kabla ya kaka zao, kwa sababu wanatumia muda mwingi kumtazama mama. Tena binti huishia kuingiza kijiti kwa kina kile kile anachoingiza mama yake. Wa kiume hapana. Nilipomwambia mzee, alitikisa kichwa akitabasamu chini ya barakoa. "Tulikuwa tunaliona. Lakini kuona si kuhesabu. Walipokuja kuhesabu, ndipo ikawa elimu."

Ni mwaka 1960, Novemba, sokwe dume aliyeitwa David Greybeard alipoonekana akifanya kazi hii hii, na tangu hapo haikuwezekana tena kusema kutengeneza zana ni kwa binadamu peke yake.

Mama alipoondoka mzee alivaa glavu, akachukua kinyesi kidogo kwa kijiti na kukitia kwenye kichupa chenye dawa ya kuhifadhi. Akaandika jina, saa na mahali. Kwa jicho la daktari wa mifugo hapa ndipo nilipofurahi kupita kiasi. Humo hutolewa homoni, minyoo, vinasaba vya kumtambua baba, na virusi. Kwa vichupo vya namna hiyo, bila kumchoma mnyama sindano, kundi la Beatrice Hahn lilionyesha mwaka 2009 kwamba virusi vya SIV, jamaa wa VVU, vinawadhuru sokwe wa Gombe: walioambukizwa walikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wasioambukizwa wa umri wao. Kabla ya hapo wengi waliamini sokwe wanaishi na virusi hivyo bila shida. Hesabu ile isingewezekana kama pasingekuwa na mtu wa kusema kinyesi hiki ni cha nani, na alizaliwa lini.

Saa yetu ikaisha. Mzee alitazama saa ya mkononi, akageuka, nami nikageuka. Jioni tulipika ugali na dagaa kwa mawese na askari wawili wa hifadhi, mvua ikipiga bati.

Jumamosi 16 Novemba: kurudi Kigoma

Boti za kwenda mjini hupita mapema asubuhi, kaa ufukweni mapema na upunge mkono. "Mwakeye," wakasalimia kina mama wenye dagaa, wakanisogezea nafasi. Tulifika Kibirizi kabla ya jua kuwa kali.

Niliutumia mchana kuulizia Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe kusini mwa Kigoma. Huko Toshisada Nishida alianza utafiti mwaka 1965, na sokwe wake wana desturi zao: wakisafishana manyoya wawili hushikana mikono juu ya vichwa, jambo ambalo wa Gombe hawana. Wa Gombe nao wanakula ngazi, matunda ya mchikichi, wa Mahale hawali. Na ni Mahale ambako Mohamedi Seifu Kalunde, mganga wa Kitongwe aliyekuwa pia askari wa hifadhi, akiwa na Michael Huffman mwaka 1987, alimwona sokwe jike Chausiku, mgonjwa, akimenya na kutafuna kiini cha shina la mmea mchungu, mjonso, ambao Watongwe wanautumia kutibu tumbo. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa na nguvu tena. Dawa za wanyama porini zimekuwa fani kamili ya utafiti, na mmoja wa waliofungua mlango wake alikuwa mzee aliyejifunza mimea kwa wazee wake.

Kwa atakayenitangulia: boti ya kukodi peke yako kwenda Mahale ni ghali mno, hesabu ya mafuta tu inatisha. Jiungeni watu kadhaa, au ulizeni ofisi ya hifadhi kama kuna boti yao inayoshuka kusini na ina nafasi. Niliacha namba yangu ya simu kwao. Wakipiga mwezi wa sita nitaomba ruhusa kazini.